Kabla Magurudumu Hayajagusa: Hotuba kwa Marubani wa Ndege Ndogo wa Kanda ya Kati

Ndugu marubani, mafundi wa ndege, waongoza ndege, nanyi waangalizi wa viwanja vya udongo mliofika kutoka Mpwapwa, Kongwa na Kondoa: wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie ajali za kutua kwa ndege ndogo, zile za injini moja zinazobeba watu wawili hadi sita. Nyingi kati yake haziui. Huacha propela iliyopinda, gurudumu la mbele lililovunjika, ukuta wa injini uliokunjamana, na abiria wanaotetemeka pembeni mwa kiwanja. Na kwa kuwa haziui, watu huzihesabu kuwa bahati mbaya ya sekunde moja. Hilo ndilo tulilokuja kulipinga. Ndege inayoharibika inapogusa ardhi, mara nyingi chanzo chake kiko dakika moja nyuma: rubani aliingia mkondo wa mwisho, ile njia iliyonyooka na kiwanja, akiwa na noti kumi (maili kumi za baharini kwa saa) za mwendo wa ziada, akaziona, akaendelea.

Tuanze na hewa, maana hapa Dodoma hewa ndiyo inayowadanganya wageni. Kiwanja chetu kiko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo sanifu cha kimataifa, mwinuko huo ungekuwa na joto la nyuzi karibu 8 za Selsiasi. Mchana wa Oktoba au Novemba kipimajoto kinafika 31. Chukua tofauti hiyo, nyuzi 23, zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, utapata karibu futi 2,800. Jumlisha na mwinuko wa kiwanja. Kwa hesabu ya mabawa na injini, unatua mahali penye futi karibu 6,500, ingawa ramani inakuambia vingine.

Maana yake ni nini kwa anayeshika usukani? Kipima mwendo kikisoma noti 65, ndege inakata hewa kwa noti 71 na ushee. Kipima mwendo hakijaharibika. Kinapima msukumo wa hewa, na bawa nalo hubebwa na msukumo huohuo, kwa hiyo namba unayoisoma kwenye geji wakati wa kutua ni ileile, uwe Tanga au uwe Dodoma. Kinachobadilika ni kasi ya ardhi kupita chini yako. Rubani aliyejifunzia pwani anaiona lami ikimjia mbio kuliko alivyozoea, anadhani ana mwendo mwingi, anavuta pua juu na kupunguza nguvu. Geji inashuka chini ya inapotakiwa, bawa linaacha kubeba, na ndege inaangukia kiwanja kutoka futi kumi. Macho yatakuambia unakimbia. Geji ikisema 65, una 65.

Kasi hiyo ya ziada juu ya ardhi, hata hivyo, ni ya kweli pale breki zinapoanza kazi. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba, kwa hiyo asilimia 10 zaidi ya kasi ni asilimia 21 zaidi ya kazi ya kusimama. Cessna 172S, ndege ya watu wanne, yenye uzito kamili, usawa wa bahari na hewa ya kipimo sanifu, inahitaji futi 575 za kukimbia ardhini hadi isimame. Hapa, alasiri ya joto, hesabu hiyo inakaribia 700, na hapo rubani hajakosea chochote bado. Akiongeza noti sita au saba za ziada, anajilipisha asilimia 20 nyingine juu ya hiyo, kabla hatujahesabu kuelea. Na kuelea ndiko kunakokula kiwanja zaidi. Ndege ikishuka chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, kwa 172 ni futi 36, mvuto wa hewa unaoirudisha nyuma hupungua na mwendo wa ziada hauna pa kwenda. Itateleza mita baada ya mita bila kukaa. Ukiisukuma chini kwa nguvu ili ikae, umefungua mlango wa kudunda, nasi tutafika huko.

Mwendo sahihi ni upi basi? Kanuni inayofahamika ni 1.3 ya mwendo ambao bawa linaacha kubeba flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zikiwa chini. Hapa kuna mtego ambao walimu wengi huupita haraka mno. Mwendo huo wa chini, kama ulivyochorwa kwenye geji, una kosa kubwa la kipimo, kwa sababu pua ikiwa juu sana bomba la kupimia hewa halielekei upepo sawasawa. Kwenye 172S geji husoma 40, lakini mwendo uliosahihishwa ni 48. Ukizidisha 40 kwa 1.3 unapata 52, na ndege yenye uzito kamili ikija na 52 iko karibu mno na kuanguka. Ukizidisha 48 unapata 62, na ndiyo maana kitabu cha ndege kinakupa 61 kwa kiwanja kifupi. Tumieni namba ya kitabu. Msitengeneze yenu kwa kuangalia rangi za kwenye geji.

Namba hiyo ni ya uzito kamili. Kila ndege ikipungua asilimia 10 ya uzito, mwendo wa kutua hupungua kama asilimia 5. Rubani aliye peke yake, tangi nusu, akija na namba ya watu wanne, ataelea, na wala hataelewa kwa nini. Upepo wa dharuba ukiwapo, ongeza nusu ya tofauti. Mnara ukikupa upepo wa noti 12 wenye dharuba za 22, tofauti ni 10, wewe unaongeza 5. Tano tu. Wapo wanaoongeza tano za dharuba, tano za woga na tano za abiria, wakafika kizingitini, mwanzo wa barabara ya kurukia, na 80.

Sasa njoo kwenye jambo la hapa kwetu hasa. Barabara ya kurukia ya Dodoma inaelekea mashariki na magharibi, yaani 09 na 27 (nyuzi 90 na 270 za dira), na upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki. Anayetoka Tabora au Singida anaikuta 09 mbele yake, na upepo unampiga usoni. Huyo hana tatizo. Anayetoka Dar es Salaam au Morogoro anaikuta 27 imenyooka mbele yake, na kishawishi cha kuingia moja kwa moja ni kikubwa: anaokoa dakika tano za mafuta. Lakini upepo uko mgongoni. Kitabu cha 172S kinasema ongeza asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma. Noti 10 ni nusu nzima ya umbali zaidi, na kitabu chenyewe hakiendi mbali kuliko hapo. Pia pembe ya kushuka inaharibika: kasi juu ya ardhi ni kubwa, kwa hiyo usiposhuka haraka zaidi utafika kizingitini ukiwa juu. Zungukeni. Dakika tano za mafuta ni rahisi.

Upande wa pili, 09 asubuhi ina jua. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta na jua huchomoza karibu na mashariki halisi mwaka mzima, kwa hiyo anayetua kwenye 09 saa moja asubuhi, kioo kikiwa na vumbi, anaweza asione kabisa pale pa kusawazishia ndege. Vumbi la kiangazi kwenye kioo ni chanzo cha ajali kama kilivyo tairi bovu. Futeni kioo kabla ya kuondoka kwa maji mengi na kitambaa laini, si kwa kitambaa kikavu kinachokwaruza plastiki, maana mikwaruzo nayo hutawanya mwanga wa jua. Kama bado huoni, ahirisha nusu saa.

Upepo wa ubavu. Hesabu ya kichwani ni hii: upepo ukitofautiana na barabara kwa nyuzi 15, robo yake iko ubavuni, nyuzi 30, nusu, 45, robo tatu, kuanzia 60, uhesabu wote. Upepo unaotoka nyuzi 120 wenye noti 24 unakupa 12 za ubavu kwenye 09. Cessna 172 ilithibitishwa kiwandani kwa noti 15, na kiwango chako wewe kinaweza kuwa chini ya hapo. Bawa la upande wa upepo liwe chini, pedali ya upande wa pili inyooshe pua na barabara, gurudumu la upande wa upepo liguse kwanza. Wengi hulifanya hilo vizuri, kisha wakishagusa wanalegeza mikono kana kwamba safari imekwisha. Kadiri mwendo unavyopungua, eleroni, vile vibao vya karibu na ncha za mabawa, zinapoteza nguvu, na ndiyo sababu unatakiwa uzizungushe zaidi kuelekea upepo, hadi mwisho wake. Ndege nyingi zilizotoka pembeni mwa lami zilikwisha kutua salama.

Na chamchela. Kuanzia saa tano asubuhi katika miezi mikavu mnaziona zikipita na vumbi jekundu. Zile zinazopita juu ya lami au majani hazina vumbi, kwa hiyo hazionekani. Dalili yake ni soksi ya upepo ya upande mmoja kugeuka ghafla wakati ya upande mwingine imetulia. Ukiiona moja karibu na kizingiti, usijaribu kukisia itakakoelekea. Ghairi, zunguka, rudi baada ya dakika tatu.

Kudunda ni miongoni mwa mambo yanayovunja ndege nyingi, na inafaa kueleweka kwa undani. Uzito wa ndege umekaa mbele ya magurudumu makuu na nyuma ya gurudumu la pua. Magurudumu makuu yakigusa kwanza, uzito ulio mbele yake unaishusha pua, bawa linapoteza pembe, ndege inakaa. Gurudumu la pua likigusa kwanza, ardhi inaisukuma pua juu, bawa linapata pembe na ndege inaruka tena, sasa ikiwa na mwendo mdogo zaidi. Rubani anashtuka, anasukuma usukani mbele. Lakini mkono wake umechelewa kama nusu sekunde, kwa hiyo amri yake ya kushusha pua inafika pale ndege inaposhuka yenyewe. Pua inapiga kwa nguvu zaidi. Mdundo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, na wa tatu mara nyingi ndio propela inapogusa lami. Mwendo wa ziada uko nyuma ya haya yote, maana ndege iliyo na mwendo wa kutosha kuruka hukaa pua chini inapolazimishwa.

Dawa haina ujanja. Mdundo mdogo, shikilia pua pale ilipo, ongeza nguvu kidogo, iache ndege ikae yenyewe. Mdundo mkubwa, au wa pili wa aina yoyote, nguvu zote na upae. Usijaribu kuurekebisha kwa usukani. Wenye Cessna 182 na 206 mjihadhari zaidi: injini ni nzito, na watu wawili wakikaa mbele bila mzigo nyuma, pua inataka kushuka mapema kuliko mkono ulivyozoea. Ukuta wa injini wa 182 uliokunjamana chini, pale panapofungwa mguu wa mbele, ni jambo ambalo fundi yeyote mzoefu ameliona. Mfuko wa mchanga wa kilo 30 uliofungwa vizuri kwenye sehemu ya mizigo, ukiwa ndani ya mipaka ya uzito na mizani, unabadilisha ndege hiyo kabisa.

Tulisema upae. Kughairi kutua ndilo zoezi linalosahaulika kuliko yote baada ya leseni, na hapa Dodoma lina mtego wake. Orodha nyingi za ukaguzi zinasema mchanganyiko wa mafuta na hewa uwekwe mzito kabisa kabla ya kutua. Kwa usawa wa bahari ni sawa. Kwa injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), mahali penye hewa ya futi 6,500, injini imekwisha kupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na mchanganyiko mzito kabisa unaipokonya nyingine. Unasukuma wenzo wa nguvu mwisho, injini inakohoa na kutoa moshi mweusi, nawe uko futi 20 na flapu zote chini. Fanya hivi: ukiwa sambamba na barabara, futi 1,000 juu ya kiwanja, weka mchanganyiko pale unapotoa nguvu za juu kwa mwinuko huu, uuache hapo hadi ardhini. Wenye tabo wafuate kitabu chao.

Ukishaamua kughairi, mpangilio ni huu kwa 172S: nguvu zote, joto la kabureta lizimwe kwa ndege zilizo nalo, flapu hadi 20 mara moja, mwendo 60, kisha flapu 10, na zilizobaki baada ya ndege kupanda kweli na kupita vizuizi. Mkono wa usukani usukume, kwa sababu ndege imepangwa kushuka taratibu na nguvu za ghafla zitainyanyua pua kupita kiasi. Pedali ya kulia ikae chini ya mguu, maana pua itavutwa kushoto. Atakayepandisha flapu zote kwa mkupuo ataishusha ndege chini, na kwa joto la hapa hakuna nguvu za akiba za kumwokoa.

Tunapendekeza mipaka ambayo rubani ajiwekee akiwa bado mezani na kikombe cha chai. Futi 500 juu ya kiwanja: flapu ziko tayari, mwendo haujazidi noti 5 za uliopangwa, ndege imenyooka na barabara, na inashuka kwa kiasi kinachofaa. Kiasi hicho ni kasi yako juu ya ardhi mara tano. Noti 70 ni futi 350 kwa dakika. Kimoja kikikosekana, ghairi. Magurudumu yasipogusa ndani ya theluthi ya kwanza ya barabara, ghairi, hata kama lami iliyobaki ni ndefu, kwa sababu tabia unayoijenga kwenye lami ndefu utaenda nayo Kongwa.

Kuhusu viwanja vya vijijini, hapo waangalizi ndio wanaoshika ufunguo. Ardhi ya mkoa huu humomonyoka upesi. Haikuwa bure serikali kuanzisha HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kuinusuru Kondoa. Mvua moja kubwa ya Januari inaweza kukata kikorongo katikati ya kiwanja kilichokuwa kizima jana. Kuna vichuguu vinavyoota upya, kuna mashimo ya muhanga yanayochimbwa usiku, kuna ng'ombe na mbuzi wanaopenda majani mapya. Mwangalizi atembee kiwanja chote kwa miguu, aende ukingo mmoja na kurudi ukingo mwingine, asubuhi ya safari, kisha apige simu. Amwambie rubani mambo haya: kuna shimo au mfereji wapi, majani yanafika wapi kwenye mguu wake, udongo unashika kiatu au haushiki, upepo unatoka wapi, mifugo iko upande gani. Udongo mweusi wa mbugani ukishika kiatu utashika na gurudumu la pua. Rubani naye apite juu mara moja kabla ya kutua, kwa mwendo salama, aone kwa macho yake. Majani makavu tu yanaongeza umbali wa kukimbia ardhini wa 172S kwa asilimia 45. Majani mabichi yenye umande hayana namba ya kuaminika, yanateleza. Na kwenye lami iliyotuama maji, tairi lenye shinikizo la hewa la psi 36 linaanza kuelea juu ya maji kwenye noti 54, hapo breki ni mapambo.

Kwa ndege za magurudumu yanayokunjwa tutasema machache. Angalieni mara tatu: sambamba na barabara, mnapogeuka, na kwenye mkondo wa mwisho, kila mara mkitaja kwa sauti: mafuta, magurudumu, mchanganyiko, propela, mikanda. Kidole kiguse taa za kijani. Kengele ikilia mnapopunguza nguvu, haiwapigii kelele bure. Na kama tumbo limegusa lami na propela imepiga, usijaribu kupaa tena. Propela iliyopinda haina cha kukupa. Iache ndege iteleze, funga mafuta, zima umeme, toeni watu.

Baada ya watu kutoka, ndege isiguswe mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wachunguzi wa ajali walio chini ya Wizara ya Uchukuzi wameelezwa, isipokuwa kuokoa watu au kuzuia moto. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinasema wazi kwamba uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, haupo kwa ajili ya kumtafuta wa kulaumiwa, kwa hiyo rubani aseme aliyoyaona yote.

Mafundi, kwenu tuna ombi. Kutua kwa kishindo bila uharibifu wa kuonekana si kitu cha kusainiwa kwa kuzunguka ndege mara moja. Fungua kifuniko cha injini. Tafuta mikunjo kwenye ukuta wa injini, riveti zilizolegea au zenye doa jeusi kuzunguka kichwa, nyufa kwenye fremu inayobeba injini, mafuta yanayovuja kwenye shokapu ya mbele, mabati yaliyopinda pale bawa linapokutana na mwili.

Na propela. Kwa Lycoming, watengenezaji wa injini, propela iliyopiga kitu si ile iliyopinda tu. Ni pamoja na tukio lolote injini ikiwa inazunguka ambapo propela imegusa kitu na mizunguko ikashuka ghafla, na majani marefu yametajwa humo. Viwanja vyetu vya vijijini mwezi wa Machi vina majani ya aina hiyo. Kupima mzunguko wa uso wa krankshafti, mhimili mkuu wa injini, kwa geji na kuona umenyooka hakutoshi, kwa sababu mshtuko hupita hadi nyuma ya injini, kwenye gia inayofungwa na bolti moja mwishoni mwa krankshafti. Gia hiyo ndiyo inayozungusha kamshafti, inayofungua vali, na magineto, yanayotoa cheche. Ikilegea, injini nzima inazimika angani. Amri ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ya mwaka 2004 kwa injini hizo inataka gia hiyo ikaguliwe, na bolti pamoja na kibati chake cha kufungia vitupwe, viwekwe vipya. Mwenye ndege akikuambia propela imenyooshwa, turuke kesho, mwonyeshe bolti hiyo ilipo.